Sura ya Tisa: Nailoni ya Siti ya Nyuma

"Hiyo ngao niliifunga Alhamisi," Odoyo alisema. "Alhamisi, saa tano asubuhi. Ningekuambia Jumatatu wewe ungefurahi, afande, na dada yangu hapa angefurahi. Lakini ni Alhamisi."

Sajini Nashoni Machage, mpelelezi wa wilaya ya Tarime, aliacha kuandika.

Mvua ilikuwa inagonga bati la gereji. Huko ni Sirari, hatua chache tu na mpaka wa Kenya, na Odoyo hatengenezi injini. Anavalisha magari. Ukutani alikuwa ametundika ngao za chuma za kukinga mbele ya gari, keria za juu, spotilaiti, rimu, kapeti za miguuni, makava ya siti ya ngozi bandia. Tangu rashi ya dhahabu ianze kule Nyakunguru, watu waliokuwa hawana hata baiskeli walikuja kwake na magari mapya, wakitaka yapambwe kama bibi harusi. Barabara hakuna, zahanati haina dawa, lakini magari yamevaa. Na waliopewa kazi ya kuleta barabara na dawa nao walikuja, wakavalisha ya kwao.

"Kaka, ungenyamaza tu," alisema Dorka Awino.

Dada yake Odoyo alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, kanga kichwani, kontena la chakula mapajani. Mume wake Ouma, dereva wa Canter ya kubeba mawe ya dhahabu, alikuwa mahabusu tangu Jumapili jioni. Leo Jumanne. Kesho saa tatu asubuhi anapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kumgonga na kumuua Agustina, yule mama aliyekuwa anawauzia uji wachimbaji.

Damu ya Agustina ilikuwa kwenye bodi la Canter, na Ouma hakuikataa. Alimkuta amelala pembeni ya barabara, karibu na daraja, bado anapumua. Akambeba. Akampitisha kituo kidogo cha polisi kuchukua PF3, maana mtu wa ajali asipokuwa na ile karatasi zahanati hawamgusi. Mkuu wa kituo, Inspekta Method, alitafuta fomu dakika arobaini. Fomu ilipopatikana mgonjwa alikuwa ameshakufa, na aliyemleta akatiwa ndani. Hiyo ndiyo asante anayopewa raia.

"Ningenyamaza," Odoyo akamjibu dada yake, "halafu afande angepeleka uongo wangu mahakamani, na wakili wa yule tajiri angekuja na picha kama hii. Ouma angefungwa mara mbili, dada." Akatoa simu, akapekua. "Kila gari nikimaliza napiga picha, ya biashara. Angalia tarehe."

Nashoni akaangalia. Prado mpya nyeusi, milango wazi, ngao ya chuma mbele inang'aa. Pembeni yake Felix Mwikwabe, mwenye maduara matatu ya kuchimba dhahabu Nyakunguru, amevaa kofia ya ng'ombe na miwani. Tarehe ni ya Alhamisi. Agustina aligongwa Jumapili.

Basi hapo kazi ya siku mbili ikaanguka. Jana Nashoni alikuwa ameokota kiatu kimoja cha Agustina, si pale darajani alipookotwa na Ouma, bali kwenye kona ya shule, kilomita mbili kabla. Na kwenye kona ile, chini ya mti uliozuia mvua, kulikuwa na alama za tairi zenye kashata kubwa, yale meno ya tairi, mpya kabisa. Canter ya Ouma ina tairi zilizoisha mpaka waya. Magari yenye kashata za namna ile upande huo ni mawili tu: la padri, na la Felix. La padri lilikuwa Musoma tangu Ijumaa. Nashoni alijua Prado ya Felix ina ngao mpya, akajiambia ngao ile imefungwa baada ya ajali, kuficha mbonyeo. Sasa ikaonekana imefungwa kabla. Ngao ya chuma kizito hivyo inaweza kumgonga mtu na isionyeshe chochote.

"Tairi nazo uliweka wewe?"

"Nne zote, siku hiyo hiyo. Ngao, tairi, spotilaiti mbili, keria, tinti. Makava ya siti alikataa."

"Kwa nini?"

Odoyo akacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Nailoni, afande. Gari limetoka na nailoni kwenye siti, na hao watu wa dhahabu hawataki iguswe. Nilishika upande mmoja tu, akaniambia, 'Mjaluo, ukitoa nailoni yangu nakutoa kucha.' Hata kile kikinga jua kina nailoni mpaka leo. Wakipita barabarani kioo kinashushwa ili jirani aone siti zinameta. Jirani asilale."

"Na siti ya nyuma ilikuwa nayo?"

"Nyuma na mbele. Si unaona hapo?"

Kwenye picha mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Siti ilikuwa inameta kama maji. Nashoni alimwomba Odoyo amtumie ile picha, akaandika namba ya simu na saa.

Dorka alisimama. "Sasa ndiyo basi? Ndiyo mmemaliza?"

"Bado, shemeji."

"Mimi naenda kumpelekea chakula. Jana Method alikila yeye, akanirudishia kontena tupu akasema mume wangu amefunga." Alimtazama Nashoni usoni. "Niambie ukweli. Na wewe umetumwa kumaliza jalada tu, au umetumwa kutafuta?"

Nashoni alitumwa kumaliza jalada. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alimpa siku mbili, na alimpa huku anasoma gazeti.

"Natafuta," alisema.

*

Pikipiki ya ofisi ilikuwa na mafuta aliyoyanunua mwenyewe. Alifika Nyakunguru saa tano na nusu, matope mpaka magotini. Mvua ilikuwa haijakatika. Kwenye maduara wachimbaji walikuwa wamejibanza chini ya maturubai, na makarasha peke yake ndiyo yalikuwa yananguruma, yanasaga mawe.

Nyumba ya Felix ni ya tofali za saruji, bado haijapigwa lipu. Banda la gari limepigwa lipu na rangi. Prado ilikuwa ndani yake, safi, wakati wilaya nzima ilikuwa matope.

"Karibu, afande," Felix alisema. Mtu mnene, sauti ya juu. "Umelowa kama kuku. Wakubwa wako hawakupi gari?"

"Hawanipi."

"Ungechimba, mura. Serikali itakuua na njaa."

"Gari limeoshwa leo?"

"Linaoshwa kila siku. Na Jumamosi tuliliosha kwa mila. Mbuzi, bia, wazee wakatemea matairi baraka, watu wakala. Mkuu wa kituo mwenyewe alikuwepo. Method alikula figo zote mbili."

"Sikualikwa."

"Wewe hufiki huku mpaka mtu afe."

Nashoni akazunguka gari. Ngao haikuwa na mkwaruzo. Spotilaiti zote mbili nzima. Akachuchumaa kwenye tairi ya kulia mbele, akatoa karatasi aliyochorea kashata za kwenye kona ya shule, akalinganisha. Zilikuwa sawa. Felix alimtazama, mikono mfukoni.

"Tairi hizi zinauzwa Sirari. Kila mwenye pesa anaweza kununua."

"Ni kweli. Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala. Kichwa cha bia za Jumamosi."

"Fungua milango."

Siti za mbele zilikuwa na nailoni. Kikinga jua kilikuwa na nailoni. Hata kitasa cha gia kilikuwa bado kimefungwa. Nashoni akafungua mlango wa nyuma. Siti ya nyuma ilikuwa tupu, kitambaa cha kijivu. Akaweka kiganja. Palikuwa na unyevu, na harufu ya sabuni ya unga.

"Nailoni ya huku iko wapi?"

Felix hakuchelewa kujibu. "Nilitupa. Ijumaa nilikwenda Kisaka kuchukua nyama ya sherehe. Mbuzi wawili, wamechinjwa huko huko. Damu ikamwagika, nikaitoa."

"Nyama uliweka kwenye siti?"

"Buti lilikuwa na makreti ya soda."

"Juu kuna keria."

"Nyama iloweshwe na mvua? Afande, wewe umewahi kununua nyama kweli?"

"Nailoni uliitupa wapi?"

"Nilitoa ikachomwe. Jalala liko nyuma."

Alikuwa na jibu kwa kila swali, na kila jibu lilikuwa na miguu ya kusimama. Nashoni akaandika yote, akamwomba asaini. Felix akasaini bila kusoma. Kisha Nashoni akaenda nyuma ya nyumba, kwenye jalala. Palikuwa na majivu yaliyolowa, maganda ya ndizi, vifuniko vya bia. Nailoni ikichomwa haiishi kabisa. Inaacha donge jeusi gumu kama lami. Alichokora kwa kijiti mpaka chini kwenye udongo. Hapakuwa na donge.

*

Kutoka kwa Felix mpaka kwenye karasha ni mwendo wa kutupa jiwe. Chini ya karasha kuna lundo la mchanga uliokwisha kusagwa, na pale wanawake wazee huchekecha, labda wapate punje iliyosahaulika. Siku ile ya mvua alikuwepo mmoja tu. Amepiga magoti, anachekecha, na mgongoni amejifunika nailoni nene inayoonyesha.

Nashoni angepita. Kilichomsimamisha ni matundu mawili.

Yalikuwa kwenye ukingo wa juu, ya mviringo, yamelingana, yameachana kama shibiri moja. Kwenye moja yule bibi alikuwa amepitisha kamba ya katani, akaifunga shingoni. Nailoni ya dukani haina matundu. Nailoni ya kufunikia mbegu haina matundu. Siti ya gari ina matundu kama yale, pale vyuma vya mto wa kichwa vinapopita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kufukuza watu kwenye mchanga, mimi siondoki. Mchanga huu wameshauchoka wenyewe."

"Sifukuzi mtu. Unaitwa nani?"

"Gati. Gati wa marehemu Chacha." Alimtazama magwanda. "Polisi ananiamkia! Leo kuna jambo."

"Koti hili umelipata wapi, bibi Gati?"

"Kwa Felix. Jana asubuhi. Huwa nawafulia. Alinipa akaniambia kachome, hapo hapo, nikuone. Nikawasha majani mabichi, moshi ukajaa, akaingia ndani." Akacheka, meno mawili. "Nani achome kitu kizima hivi na mvua yote hii? Yeye ana bati. Mimi nyumba yangu inavuja tangu mwaka wa njaa."

"Kilikuwa na damu?"

"Nyingi. Nikaosha mtoni."

"Anasema ni damu ya mbuzi. Mbuzi wawili, nyama imetoka Kisaka."

Bibi Gati akaacha kuchekecha. "Kisaka? Nani kakudanganya? Mbuzi alikuwa mmoja, beberu mweupe, wa hapo chini kwa Mniko. Alikuja kwa miguu yake, na kamba shingoni, analia njia nzima. Akachinjiwa getini Jumamosi, mbele ya watu. Mimi mwenyewe nilipewa utumbo. Gari hilo halijabeba hata kwato."

"Unaweza kusema hivyo mbele ya hakimu?"

"Hakimu atanipa utumbo?"

"Hatakupa kitu, bibi."

"Angalau wewe unasema kweli."

Nashoni akamwomba ile nailoni. Bibi akaishika kwa mikono miwili. Akasema yeye hana ugomvi na serikali, lakini nailoni haitoki, maana mvua bado ipo na yeye ana kifua. Nashoni hakubishana. Alivua koti lake la mvua la polisi, lile zito la kijani lenye kofia, akamvika.

"Ala!" bibi Gati alisema, anajigeuza kujitazama. "Serikali inanipa koti? Kwani kura ni lini?"

Walijibanza chini ya bati la karasha. Nashoni akatandaza nailoni juu ya gunia kavu na kuikagua kidole kwa kidole. Bibi alikuwa ameisugua vizuri, haikuwa na doa. Lakini karibu na tundu la pili, kiwandani walikuwa wamekunja ukingo mara mbili na kuuchoma kwa moto ukawa kama mfuko mwembamba, na ndani ya mkunjo ule palikuwa na kitu. Akakivuta kwa ncha ya kalamu. Uzi wa rasta, rangi ya zambarau, urefu wa kidole, umesokotwa na nywele nyeusi.

Jumatatu, nyumba ya maiti, Nashoni alikuwa ameandika kwenye daftari: *nywele, rasta za zambarau, upande wa kushoto zimeng'oka.*

Akaweka uzi kwenye bahasha. Akaandika maelezo ya bibi Gati neno kwa neno, akamsomea. Bibi akaweka dole gumba.

*

Felix alikuwa anakula ugali na nyama ya kichuri sebuleni. Nashoni hakukaa. Aliweka nailoni mezani, matundu juu, na bahasha pembeni. Akaimwaga bahasha kwenye sahani tupu.

"Mbuzi wa Kisaka siku hizi wanasuka rasta?"

Felix alitazama ule uzi. Tonge likabaki mkononi.

"Yule bibi," alisema mwisho.

"Bibi hajakosa kitu. Wewe ungechoma mwenyewe."

"Mimi nichome takataka?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na hata pale hakuliona. Mtu akishapata pesa hapo Nyakunguru hashiki tena ufagio wala kiberiti. Anatuma. Na anayetumwa hana kitu, hawezi kuchoma kinachofaa.

"Nitakueleza jinsi ilivyo," Nashoni alisema. "Ulimgonga kwenye kona ya shule. Ukamweka kwenye siti ya nyuma. Kisha ukamrudisha barabarani, darajani, akiwa hai. Wakili wa serikali akisoma hivyo hataandika ajali. Ataandika kuua."

"Sikuua."

"Ulimtoa kwenye gari kwenye mvua."

"Nilimpeleka kituoni!" Felix alisimama, kiti kikaanguka. "Nilimpeleka! Alitokea ghafla na ndoo kichwani, sikumwona. Nikashuka. Alikuwa anaongea, anasema, 'Baba, mguu, nipeleke.' Nikambeba mwenyewe kwa mikono hii, na suruali ikachafuka. Nikaenda moja kwa moja kituo kidogo kuchukua PF3. Kama sheria inavyosema."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Ukamkuta nani?"

"Method. Peke yake. Konstebo wake alikuwa amekwenda kuangalia mpira. Akatoka na mwavuli, akachungulia kioo cha nyuma." Felix alifuta mikono kwenye suruali. "Akaniambia, 'Mzee Felix, gari hili lina siku kumi. Nikiliandika hapa, linalala hapa. Ni kielelezo. Kesi itachukua miaka mitatu, minne. Umeona yale magari ya nyuma ya kituo? Yameota majani, panya wamezaa kwenye injini. Unataka hili liwe hivyo?' Nikamuuliza, sasa nifanyeje? Akasema, 'Mrudishe darajani, mlaze vizuri pembeni. Canter za mawe zinapita saa kumi na mbili. Atakayemwokota atamleta.'"

"Na wewe ukamrudisha."

"Nilimlaza vizuri. Nilimwekea kanga chini ya kichwa."

Nashoni alikaa sasa. Alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, Machi 2014, saa, mahali. Kalamu ilikuwa na maji, ikagoma, akaipuliza.

"Agustina alikuwa anasikia, mlipokuwa mnazungumza?"

"Alikuwa anasikia."

"Alisema nini?"

"Alimwita Method. Kwa jina. Alikuwa anamletea uji kituoni kila asubuhi, wanafahamiana." Felix akainama. "Alisema, 'Mkuu, ni mimi.'"

Saa kumi na mbili kamili Ouma alimleta mwanamke yule yule, bado anapumua, mlangoni kwa Method. Anaweza kuongea. Anaweza kusema alishaletwa pale mara moja. Na Method akatafuta fomu dakika arobaini. Jana Nashoni alikuwa ameingia kwenye ile ofisi kuchukua maelezo. Bunda zima la PF3 lilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai.

"Baada ya hapo alikupigia simu?"

"Usiku ule. Akasema shida imekwisha, amepata dereva." Felix akanyanyua uso. "Simu ninayo. Alituma na ujumbe kwamba nitoe nailoni."

"Usiufute. Nipe simu."

Akaipokea, akausoma ule ujumbe mara mbili, akaunakili, na simu akaitia mfukoni. Ukiangalia kanuni, hapo Nashoni alitakiwa kwenda na mtuhumiwa na vielelezo mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, aviandikishe kitabuni, avikabidhi kwa mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo ni Method. Kanuni zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuwa na mkubwa kama huyo, au wanao na wamezoea.

Alijaribu kumpigia mkuu wa upelelezi Tarime. Iliita mpaka ikakatika. Akajaribu tena. Ikazimwa.

Saa yake ilisema saa saba na dakika hamsini. Ofisi ya wakili wa serikali Tarime inafungwa saa tisa na nusu, na kesho saa tatu Ouma anasimama kizimbani. Kwa pikipiki, watu wawili, kwenye matope yale, hawafiki.

"Sikiliza, mzee," alisema. "Maneno haya ukiyasema leo mbele ya wakili wa serikali, wewe ni dereva aliyegonga na kuogopa, na aliyekushauri vibaya ana cheo. Ukinyamaza, Method atasema hakukuona kabisa siku ile. Na atakuwa amesema yeye kwanza."

"Method ni rafiki yangu. Alikula figo kwangu."

"Ndiyo. Chukua funguo. Tunakwenda na gari lako."

Felix alitazama dirishani kwenye banda. "Na gari? Likifika Tarime, litabaki huko?"

"Litabaki."

"Nje? Kwenye mvua?"

Nashoni alikuwa ameshatangulia mlangoni.

*

Felix aliendesha. Nashoni alikaa mbele kushoto, nailoni ya siti ikilia chini yake kila gari lilipoyumba. Ile nyingine alikuwa ameikunja ndani ya shati, kifuani, pamoja na maelezo mawili, simu na bahasha. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza hewa ya moto. Nguo zake zilianza kukauka.

Walipita kona ya shule, Felix akatazama pembeni. Walipita daraja. Baada ya daraja barabara inapanda, na juu kilimani ndipo kilipo kituo kidogo: vyumba viwili, bendera, magari mabovu yaliyoota majani kwa nyuma.

"Nipunguze?" Felix aliuliza.

"Endelea."

"Akitusimamisha?"

"Hatakusimamisha. Anakujua."

Ni kweli, Method alikuwa barazani, anapiga mswaki kwa kijiti baada ya chakula. Aliiona Prado inapanda, akanyanyua mkono, anacheka, kama mtu anavyomsalimia rafiki yake. Felix naye akajikuta amenyanyua wake.

Dorka alikuwa upande wa pili wa barabara, amesimama kwenye mvua na kontena lake. Vioo vya pembeni vilikuwa na tinti, lakini cha mbele hakikuwa nayo. Alimwona Felix. Kisha akamwona aliyekaa kando ya Felix, pakavu.

Akaingia barabarani. Akanyanyua mkono mmoja juu, kiganja wazi.

"Afande!" sauti yake iliingia hata vioo vilipokuwa vimefungwa. "Afande Nashoni! Simama!"

Method barazani aliacha kupiga mswaki. Akanyoosha shingo kutazama nani yumo ndani.

Felix aliinua mguu kwenye mafuta. Gari likaanza kulegea. Nashoni aliweka kiganja juu ya shati, pale penye karatasi. Kushuka na kumwambia neno moja tu yule mama, mumeo anatoka kesho, ingechukua nusu dakika. Kutoka barazani mpaka mlango wa gari ni hatua kumi na tano.

"Mkwepe," alisema. "Usisimame."

Prado ikapanda ukingo, tairi zenye kashata zikarusha matope, ikampita Dorka kwa upana wa mkono. Kontena likagonga mlango na kuanguka. Alikimbia nyuma ya gari hatua nne, tano, kanga imefunguka kichwani.

"Hata wewe!" alipiga kelele. "Hata wewe wamekununua!"

Kwenye kioo cha pembeni Nashoni alimwona anasimama katikati ya barabara, samaki na ugali vimetapakaa miguuni kwake, na nyuma yake Method anashuka ngazi haraka, simu tayari sikioni.

"Afande," Felix alisema, "yule mama hajui..."

"Kanyaga mafuta," Nashoni alisema.